Kitabu Kimoja, Bei Mbili: Mpaka Lini Tutatozwa kwa Sababu ya Mahali Tunapoishi?



Ndugu zetu wazazi, na nyinyi watoto wetu mlioko mashuleni na vyuoni,

Kila mwaka masomo yanapokaribia kuanza, simu huanza kupigwa kutoka Kigali, Bujumbura, Kampala na Goma kwenda London, Muscat, Dubai na Toronto. Si simu za kuomba pesa. Ni simu za kuomba kitabu. Mpwa anamwomba mjomba amletee kitabu cha anatomia. Binti anamwomba shangazi yake apokee kifurushi, kisha ampe yeyote anayesafiri kuja huku. Na jamaa zetu hao, Allaah awalipe kheri, wanapunguza nguo kwenye mabegi yao ili kitabu cha kilo mbili kipate nafasi.

Tumeshaizoea hali hii mpaka tunaiona ni desturi. Lakini hebu tujiulize: kwa nini katika zama hizi ambapo duka la intaneti liko wazi usiku na mchana kwa dunia nzima, mwanafunzi wa Nyamirambo bado anategemea begi la mjomba? Jibu tunalijua sote, ila hatulisemi. Duka lile haliko wazi kwetu kama lilivyo wazi kwa wengine. Kitabu ni kilekile, mwandishi ni yuleyule, kurasa ni zilezile, lakini bei inabadilika mara tu duka linapojua unaishi wapi. Sisi tunasema wazi kwamba jambo hili si la haki, na kulinyamazia ni kuwaonea watoto wetu.

TOFAUTI IPI NI YA HAKI, NA IPI SIYO?

Kabla ya kumlaumu mtu, tufanye hesabu kwa uadilifu. Si kila tofauti ya bei ni dhulma. Kitabu kinachotoka Uingereza kuja Kigali hupanda ndege, na ndege haijazwi mafuta bure. Nchi zetu nyingi za Maziwa Makuu hazina bahari, kwa hiyo hata mzigo wa meli ukishushwa Mombasa au Dar es Salaam, bado kuna safari ndefu ya lori. Anayesafirisha ana haki ya kulipwa. Hilo hatuligombi.

Tuchukue mfano wa hesabu tu. Kitabu kina bei ya dola 30. Usafiri ni dola 25. Benki inakata ada yake kwa sababu kadi imelipa kwa fedha za kigeni. Kifurushi kikifika, kuna ada ya kukishughulikia. Kitabu cha dola 30 kinaweza kufika mkononi kwa dola 60. Inauma, lakini kila shilingi au faranga hapo ina mwenyewe na ina sababu. Ukiuliza, utajibiwa.

Tunayoigomba ni tofauti isiyokuwa na kazi nyuma yake. Tunagomba ile inayoongezwa kwa sababu moja tu, kwamba mnunuzi yuko upande huu wa mpaka na hana pengine pa kwenda. Tunagomba pia duka linaloficha mchanganuo: halikuambii bei ya kitabu ni kiasi gani, usafiri kiasi gani na kodi kiasi gani, mpaka umeshajaza jina, mtaa, namba ya simu na kadi. Hata fomu yenyewe inatuonyesha kuwa hatukufikiriwa. Inadai namba ya mtaa ya posta, nasi wengi wetu hatuna namba hizo. Unaandika sifuri nne au tano, ukibahatika inakubali, usipobahatika unaambiwa anwani yako haipo. Mji mzima wenye watu zaidi ya milioni moja, kwa duka hilo haupo!

KITABU KISICHOPANDA NDEGE

Anayedhani tatizo lote ni usafiri, basi na aangalie vitabu vya elektroniki. Hivi havipandi ndege, havipiti bandarini, havikaguliwi na forodha, wala havibebwi na pikipiki kutoka posta. Kinatoka kwenye kompyuta ya duka na kuingia kwenye simu yako kwa sekunde chache. Kama usafiri ndio sababu ya bei, hapa bei ingekuwa sawa kwa wote.

Je, iko sawa? Tumekaa sisi huku na jamaa zetu wakakaa Ulaya, saa ileile, tukafungua ukurasa uleule wa duka moja kubwa la mtandaoni ambalo hatulitaji jina. Vitabu vingine tuliona bei mbili tofauti. Vingine wao walikiona na kukinunua, sisi tukaambiwa hakipatikani katika nchi yetu. Hakipatikani vipi? Kitabu cha elektroniki hakiishi stoo! Hakuna nakala ya mwisho iliyochukuliwa na mwingine. Ukiambiwa hakipatikani maana yake ni kwamba kipo, na wewe umekatazwa.

Na maudhi zaidi ni haya: mwanafunzi aliye tayari kulipa, mwenye kadi mkononi, anakataliwa pesa yake ya halali. Kisha hao hao wanatushangaa wakisikia kwamba huku vitabu vinapigwa fotokopi.

MATOLEO YA BEI NAFUU YAPO, LAKINI SI YETU

Watasema kuwa vitabu vya vyuo vikuu ni ghali kuvitengeneza, haviwezi kushushwa bei. Hoja hii wameivunja wao wenyewe.

Kwa miaka mingi wachapishaji wakubwa wa Uingereza na Marekani wametoa kitabu kimoja kwa matoleo mawili au matatu. Liko toleo la kawaida kwa nchi tajiri, na liko toleo la kimataifa au toleo la wanafunzi, ambalo pengine lina karatasi nyepesi na jalada laini, lakini elimu ndani ni ileile. Kile kitabu maarufu cha upasuaji cha Bailey na Love, kinachosomwa na wanafunzi wa udaktari duniani kote, kina toleo la namna hiyo. India huchapishwa matoleo ya bei nafuu ya vitabu vingi vya uhandisi, biashara na tiba. Ukikigeuza kitabu nyuma, mara nyingi utakuta onyo kwamba kinauzwa India na nchi jirani zake tu, kama Pakistan, Bangladesh, Nepal na Sri Lanka.

Tunawafurahia ndugu zetu wa huko kwa nafuu waliyoipata. Ni haki yao. Lakini tunauliza: mwanafunzi wa Bujumbura ana kipato kikubwa kuliko mwanafunzi wa Delhi? Kama kilichozingatiwa ni uwezo wa mnunuzi, sisi ndio tungetangulia kwenye orodha. Kumbe kilichozingatiwa ni ukubwa wa soko. India ina wanafunzi mamilioni, hivyo inafaa kuwashushia bei. Sisi ni wachache, hivyo tunaachiwa toleo la tajiri, na juu yake nauli ya ndege. Maskini mwenye wenzake wengi anapata punguzo. Maskini aliye peke yake analipa kama tajiri.

KISA CHA KIJANA WA THAILAND

Yapo mambo ambayo mahakama zimeyasema, na ni vizuri vijana wetu wayajue.

Supap Kirtsaeng ni kijana wa Thailand aliyekwenda Marekani mwaka 1997 kusoma hisabati katika Chuo Kikuu cha Cornell. Aligundua kwamba vitabu vilevile vya Kiingereza alivyovikuta Marekani kwa bei ya juu vilikuwa vikiuzwa kwao Thailand kwa bei ya chini sana. Akawaomba ndugu na marafiki wamnunulie huko na kumpelekea kwa posta, naye akaviuza Marekani kupitia intaneti. Hakuchapisha nakala za wizi. Kila kitabu kilinunuliwa dukani kwa pesa halali.

Mwaka 2008 kampuni ya uchapishaji ya John Wiley & Sons ikamshtaki. Baraza la mahakama likaamua alipe dola 75,000 kwa kila kitabu kati ya vitabu 8 vilivyotajwa, yaani dola 600,000. Kijana hakukata tamaa, akaenda mpaka Mahakama Kuu ya Marekani. Tarehe 19 Machi 2013, majaji 6 dhidi ya 3 waliamua kwamba yuko sahihi: kitabu kikishauzwa kihalali, hata kama kilichapishwa na kuuzwa nje ya Marekani, aliyekinunua ana haki ya kukiuza tena bila kumwomba mchapishaji ruhusa.

Tunajifunza nini hapa? Kwanza, tofauti ya bei ilikuwa kubwa kiasi kwamba mwanafunzi mmoja aliweza kununua upande wa pili wa dunia, akalipa posta, na bado akapata faida. Pili, maonyo yale ya nyuma ya jalada si wahyi. Ni matakwa ya mwenye biashara, na katika kesi ile hayakusimama mbele ya sheria ya nchi ile. Kila nchi ina sheria yake, nasi hatumwambii mtu afanye biashara bila kuuliza. Lakini tusiogope karatasi kwa kuwa tu imeandikwa kwa wino mweusi.

MIPAKA HII ILICHORWA NA NANI?

Huenda msomaji akauliza, kwani nani aliyeamua kwamba kitabu hiki kiuzwe hapa na kile kisiuzwe? Habari hii ni ya zamani. Mwaka 1947 wachapishaji wa Uingereza walikubaliana kwamba hawatanunua haki ya kuchapisha kitabu cha Mmarekani isipokuwa wapewe pamoja nayo soko zima la dola ya Kiingereza. Orodha ya nchi hizo ilikuwa na majina yapatayo 70, zikiwemo nchi za Afrika Mashariki zilizotawaliwa na Waingereza. Mmarekani naye akabaki na upande wake. Kwa hiyo msomaji wa Kampala au Unguja alikuwa ameshagawiwa mwenye kumuuzia kabla hajafungua kitabu.

Nchi zetu zilipata uhuru miaka ya 1960. Mapatano yale ya wachapishaji yaliendelea mpaka mwaka 1976, na hayakuvunjwa kwa ajili yetu. Yalivunjwa kwa sababu Serikali ya Marekani iliwapeleka wachapishaji mahakamani kwa kosa la kuzuia ushindani. Ingawa mapatano yenyewe yamekufa, desturi ya kuigawa dunia vipande vipande katika mikataba ya vitabu haikufa. Bado mwandishi anatia saini haki za kipande hiki kwa kampuni moja na kipande kile kwa nyingine. Na duka la intaneti linapokuambia kitabu hakipatikani katika nchi yako, mara nyingi linasoma mkataba wa aina hiyo. Bendera zimebadilika, ramani ya wauza vitabu haijabadilika.

TUNASEMAJE SISI WAISLAMU?

Kuna watu watatujibu kwa haraka kwamba Uislamu haukuruhusu kupanga bei, na mwenye mali auze apendavyo. Ni kweli kwamba Maswahaba walipomwomba Mtume (Swalla Allaahu ‘alayhi wa sallam) awapangie bei pale vitu vilipopanda Madiynah, hakufanya hivyo, kwa kuogopa kumdhulumu mtu. Hatuombi mtu apangiwe bei kwa nguvu. Lakini jamani, tusichukue nusu ya somo na kuacha nusu ya pili.

Mtume yuleyule (Swalla Allaahu ‘alayhi wa sallam) alikataza watu kutoka nje ya mji kuwalaki wenye misafara njiani ili wafanye nao biashara kabla hawajafika sokoni. Kwa nini? Kwa sababu aliye njiani hajui bei ya sokoni, na anayemlaki anautumia ujinga wake huo. Sheria ikampa huyo aliyelakiwa hiari: akifika sokoni na kuona ameonewa, anaweza kuivunja biashara ile. Wanavyuoni wa madhehebu ya Imaam Ahmad wakaendelea kueleza kuhusu mtu wanayemwita mustarsil, yaani asiyeijua bei na asiyeweza kujadiliana, akamwamini muuzaji. Huyo naye akipunjwa kupita kiasi ana hiari.

Basi tuambieni, tofauti iko wapi? Duka la mtandao linakutambua ulipo kwa anwani ya kompyuta yako, linakulaki njiani, na kukuonyesha bei yako peke yako. Soko lenyewe hulioni. Huwezi kujua jirani yako wa nchi nyingine ametajiwa bei gani, na kujadiliana huwezi kwa kuwa unazungumza na mashine. Hatutoi fatwa hapa, hiyo ni kazi ya wenye elimu. Ila tunawaomba masheikh na maustadhi wetu waliangalie jambo hili, maana maswali ya biashara ya leo hayaji tena na ngamia.

Na kwa kuwa tunataka haki, tuitake kwa pande zote. Wapo vijana wanaosema, wakitunyima na sisi tutaiba: tutapakua nakala za bure, tutachapa fotokopi tuuze. Hapana! Baraza la kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilipokutana Kuwait mwaka 1988 lilipitisha kwamba haki za watunzi na wavumbuzi zinalindwa kisheria na haijuzu kuzivamia. Mwandishi amekesha usiku kama wewe unavyokesha kusoma. Dhulma ya mchapishaji haihalalishi kumdhulumu mwandishi. Ndiyo maana tunapaza sauti, kwa kuwa njia ya halali tunaitaka ifunguliwe.

HOJA MOJA TUNAYOIHESHIMU

Iko hoja moja ya wachapishaji ambayo si ya kupuuza. Wanasema: mkitaka bei moja dunia nzima, basi bei hiyo haitakuwa ya India, itakuwa ya Marekani, na maskini wote wataumia. Ni kweli. Bei moja kwa tajiri na fukara si lazima iwe haki.

Lakini angalieni vizuri, sisi hatukudai bei moja. Tunadai kwamba kama bei zitatofautiana, basi zitofautiane kwa mwelekeo unaoeleweka: mwenye uwezo mdogo asilipe zaidi ya mwenye uwezo mkubwa. Na tunajua wanaweza. Mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango wa HINARI pamoja na wachapishaji wakubwa, ambao unaziwezesha taasisi za nchi zenye kipato kidogo kusoma majarida ya tiba bure au kwa malipo madogo. Wachapishaji hawakufilisika. Kama waliweza kuigawa dunia kwa uwezo wa watu katika majarida ya vyuo, nini kinawashinda katika kitabu anachonunua mwanafunzi kwa mkono wake?

Na wala kilio hiki si cha maskini peke yao. Bunge la Australia lilifanya uchunguzi kuhusu bei za programu za kompyuta, muziki na vitabu vya elektroniki, likaziita kampuni kubwa za kompyuta kujieleza, na ripoti yake ikatoka mwaka 2013. Umoja wa Ulaya nao ulipitisha kanuni iliyoanza kufanya kazi tarehe 3 Desemba 2018, kwamba duka la mtandaoni lisimbague mnunuzi wa bidhaa kwa sababu tu anatoka nchi nyingine ya Umoja huo. Hata hivyo vitabu vya elektroniki viliachwa nje ya sehemu muhimu ya kanuni hiyo. Hata wao hawajamaliza vita hivi. Sasa ikiwa tajiri analalamika na anasikilizwa, kwa nini sisi tuone haya kulalamika?

SERIKALI ZETU NAZO ZISIKAE KANDO

Tusiwalaumu wa mbali tukawasahau wa karibu. Mwaka 1950 UNESCO ilipitisha huko Florence mkataba wa kuondoa ushuru wa forodha kwa vitabu na vifaa vya elimu, na nchi kadhaa za ukanda wetu zilijiunga nao mara baada ya uhuru. Ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ulioanza mwaka 2005, nao unaviweka vitabu vilivyochapishwa kwenye asilimia sifuri. Kwenye karatasi tuko vizuri.

Lakini ushuru ukitoka mlangoni, kodi nyingine huingia dirishani. Kenya ilipotunga Sheria yake ya VAT ya mwaka 2013, vitabu vilitiwa kodi ya asilimia 16, na wauza vitabu na wazazi wakalia. Linganisheni na Uingereza: tangu kodi hiyo ilipoanza huko mwaka 1973, vitabu vya karatasi vimekuwa kwenye kiwango cha sifuri, na tangu tarehe 1 Mei 2020 vitabu vya elektroniki vikaongezwa humo. Tajiri hatozi kodi kwenye kitabu, maskini anatoza. Kisha tunashangaa kwamba vijana hawasomi!

Na baina yetu wenyewe kuna nini? Soko la pamoja la Jumuiya lilianza tarehe 1 Julai 2010. Lakini kitabu cha Kiswahili kilichochapishwa Nairobi au Dar es Salaam, kikiagizwa kwa intaneti na mtu wa Kigali au Goma, nauli ya kampuni ya vifurushi huweza kupita bei ya kitabu chenyewe. Ndiyo sababu watu wetu wanawapa makondakta wa mabasi. Soko gani la pamoja hilo, ambalo daftari la kiwanda linavuka kwa lori zima na kitabu kimoja cha mwanafunzi kinakwama kwenye kaunta?

TUNATAKA NINI?

Madai yetu ni machache na yanawezekana.

Kwanza, kwa wachapishaji: matoleo ya wanafunzi ya bei nafuu yauzwe katika nchi zetu, au wapewe leseni wachapishaji wa hapa hapa Afrika Mashariki wayachape. Kitabu kikichapwa Nairobi au Kampala hakina haja ya ndege.

Pili, kwa maduka ya mtandaoni: onyesheni bei ya kitabu, ya usafiri na ya kodi kila moja peke yake, tangu ukurasa wa kwanza. Na kitabu cha elektroniki kisichoruhusiwa kwetu, semeni nani amekikataza, ili tujue tumwandikie nani.

Tatu, kwa serikali na Jumuiya: ondoeni kodi na ada kwenye vitabu vya karatasi na vya elektroniki, na mtunge kanuni ya kumlinda mnunuzi wa Afrika Mashariki dhidi ya kubaguliwa kwa nchi. Shirika la posta la kila nchi nalo liwe na nauli maalumu ya vitabu. Marekani wanayo nauli hiyo ndani ya nchi yao, ya bei ya chini, kwa ajili ya vitabu na vifaa vya elimu.

NA SISI TUFANYE NINI?

Hatuwezi kukaa tukingoja. Wakati madai yakiendelea, yapo mambo yaliyo mikononi mwetu:

1. Tuagize kwa pamoja. Gharama kubwa ya kifurushi huwa kwenye kitabu cha kwanza, vinavyofuata huongeza kidogo. Wanafunzi 10 wa kozi moja wakiagiza mara moja, kila mmoja anapumua.

2. Mzazi, kabla ya kulipa, uliza toleo gani linahitajika. Mara nyingi mwalimu anakubali toleo lililotangulia, na hilo hupatikana kwa bei ndogo sana likiwa limetumika.

3. Duka likikuuliza kama likubadilishie fedha kuwa za nchi yako, linganisha kwanza na kiwango cha benki yako. Mara nyingi mabadilisho hayo ya duka ni ghali zaidi.

4. Tuulize maktaba za vyuo vyetu kuhusu HINARI na mipango kama hiyo. Wanafunzi wengi wanahangaika kununua kitu ambacho chuo chao kina haki ya kukisoma bure. Na viko vitabu vya kiada vya bure kabisa, kama vya OpenStax ya Chuo Kikuu cha Rice, vilivyoanza kutolewa mwaka 2012, ambavyo unavipakua kwa halali.

5. Kila msikiti na kila madrasa iwe na kabati la vitabu vya kuazimana, si vya dini peke yake. Aliyemaliza kidato au chuo aviache humo. Kitabu cha waqfu kinaendelea kumletea mtoaji thawabu kila kinapofunguliwa, na hakiulizi msomaji anatoka nchi gani.

6. Tuandike. Mkikutana na kitabu kilichozuiwa au bei isiyoeleweka, wekeni kumbukumbu ya tarehe, jina la kitabu na bei mliyoonyeshwa, kisha mpelekeeni mchapishaji na wizara ya biashara. Barua moja hutupwa, barua mia husomwa.

Ndugu zetu, ummah ulioamrishwa kusoma haufai kukubali kwamba kusoma ni anasa ya wenye anwani nzuri. Watoto wetu hawakuomba msaada wala sadaka ya vitabu vilivyochakaa. Wanaomba kuuziwa, kwa pesa zao, kwa bei isiyowaadhibu kwa sababu ya kuzaliwa Nyamirambo, Buyenzi au Goma. Asiyeweza kuwapa hilo atuambie sababu yake hadharani, nasi tutaipima.

Tunamuomba Allaah awafungulie watoto wetu milango ya elimu yenye manufaa, na awabariki wote wanaobeba vitabu mabegini kwa ajili ya ndugu zao. Aamiyn.

Wabillaahit-tawfiyq.